Bendera Iliyoshuka na Paulin

Niseme mapema, asije mtu akanisingizia uzalendo: mimi Kanyere, muuza vitenge wa soko la Butembo, sikuwahi kuipenda bendera. Kwangu ilikuwa kitambaa, na vitambaa navijua. Niwekee kimoja mezani nitakuambia kama kitachuja au hakitachuja. Lakini siku tuliyomzika Paulin, mtoto wa dada yangu Hulda, nusura nipigane na wanajeshi sita kwa ajili ya kitambaa kimoja, na chanzo cha yote kilikuwa mdomo wangu mwenyewe.

Paulin alikuwa koplo. Alikufa kwenye kilima kimoja upande wa Manguredjipa, waasi walipovamia kituo chao alfajiri. Jeshi lilitukabidhi maiti kule Beni pamoja na karatasi. Niliisoma mimi, kwa kuwa Hulda hajui kusoma, na niliisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Iliandikwa kwamba koplo huyo aliacha mstari bila amri wakati wenzake wanarudi nyuma. Kwa maneno mengine, mtoro. Mtoro hana heshima za kijeshi, mama yake hapati kitu, na jina lake halisomwi mbele ya wenzake. Kwetu mtoto akifa vitani, watu wanakuja kwa mama yake wameinamisha vichwa. Akifa mtoro, wanakuja wakinong'onezana.

"Bameandika nini?" Hulda aliniuliza.

Nikamwambia. Huyo dada yangu huwezi kumdanganya, atakutazama mpaka useme. Hakulia. Alisema tu, "Paulin? Ule mutoto hata imbwa hakukimbiake." Tangu hapo hakufungua kinywa tena, siku mbili nzima za matanga.

Kwa hiyo tulipofika makaburini saa tano asubuhi na kukuta wanajeshi sita wamejipanga, buti zinang'aa, tulishangaa. Mkubwa wao alijitambulisha kwa shemeji yangu Syauswa, kaka wa marehemu baba yake Paulin. Alisema anaitwa Adjudant Abdias, mlinzi wa bendera ya rejimenti. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili cha mtu aliyezoea Lingala. Nyuma yake askari mmoja alishika mti wa mkaratusi uliochongwa juzi, bado unanukia, na juu ya mti huo kulikuwa na bendera.

Si zile za shule zilizochanikachanika. Hii ilikuwa hariri nzito, buluu ya anga, mstari mwekundu umekatiza kwa mshazari kati ya mistari miwili ya manjano, nyota kwenye pembe, nyuzi za dhahabu pembezoni, na jina la rejimenti limetariziwa kwa mkono. Mungu anisamehe, niliikagua ile tarizi kabla sijalitazama sanduku. Abdias aliifungua kutoka kwenye mti, akaitandaza juu ya Paulin, akapiga saluti. Watu wakaguna. Syauswa akajikohoza na kunyoosha mgongo, utadhani saluti ilikuwa yake. Nami nikajisemea: kumbe ile karatasi ilidanganya. Nilifurahi, sifichi, nilifurahi kwenye mazishi.

Balaa lilikuja baada ya sala. Abdias alitoa amri, wenzake wakaelekeza bunduki juu, wakafyatua. Zilikuwa risasi za heshima, lakini hakuna aliyekuwa ametuambia. Labda mahali pengine watu husimama wakafuta machozi. Sisi ni watu wa huku, na mlio wa risasi tunaujua kwa kazi yake moja tu. Kabla ya mlio wa pili watu wote walikuwa wamelala kifudifudi. Wa tatu uliwakuta wanatimua mbio. Kwaya iliruka ukuta, na padri aliruka pamoja na kwaya. Jirani yetu Agar, mama mwenye mwili wake, alitumbukia katika shimo lililochimbwa kwa ajili ya maiti mwingine, akatulia humo humo akisema Salamu Maria.

Mimi nilimkumbuka baba. Mwaka tuliokimbia kutoka Kasugho alikuwa amekata roho jioni ile ile, tukamwacha kitandani, tukarudi siku ya nne. Tulichokikuta sitakisema. Basi katika kelele zile niliona jambo moja tu, kwamba tutakimbia tena na Paulin atabaki juu ya ardhi kama baba. Nikapaza sauti.

"Mumushushe! Mumushushe mbio! Hapana mumuache juu!"

Sauti yangu ni ya sokoni, inafika. Wajomba wakatii. Kamba zikateleza, sanduku likashuka kwa kishindo na bendera yake, na watu kama kumi wakaanza kusukuma udongo kwa mabeleshi, kwa mikono, kwa miguu, kila mmoja akitazama nyuma. Wakati huo Abdias na askari wake walikuwa wamekimbilia barabarani, wanapunga mikono na kupaza sauti kwamba ni heshima tu, ni heshima tu, wakiogopa doria ya polisi isije ikajibu risasi kwa risasi. Aliporudi anahema, alikuta tuta la udongo na msalaba umeshachomekwa.

Alilitazama tuta. Akautazama mti mtupu mkononi mwa askari wake.

"Drapeau iko wapi?"

Akaniangalia mimi, sijui kwa nini watu wote huniangalia mimi.

"Mama, drapeau iko wapi?"

"Iko na mwenyewe," nikasema.

Uso wake ulibadilika. Aliinama akaokota beleshi. Syauswa akaweka mguu wake juu ya tuta.

"Adjudant, tusikilizane. Kwetu kaburi ikisha kufungwa, imefungwa. Na nguo ile umefunika nayo maiti, hapana kumunyang'anya tena. Unataka akuje kuiulizia ku nyumba yetu?"

"Papa, ile haiko nguo," Abdias akasema. "Ile njo rejimenti yenyewe. Bila drapeau sisi tuko batu tu benye bunduki. Komanda anarudia leo kutoka Bunia. Saa kumi na mbili bakishusha drapeau ya kambi kule Beni, anaenda mu bureau yake, na hii inapashwa kuwa pale, ku nafasi yake. Akiikosa, mimi ni conseil de guerre. Batanihukumu."

"Alijua unaileta huku?" nikauliza.

Akatazama buti zake.

"Eeh! Uliiiba!"

"Niliikopa, mama."

Wakati huo vijana wa mtaa walikuwa wanarudi, kwanza wawili watatu, halafu kundi. Habari iliyowafikia barabarani ilikuwa fupi na mbaya: wanajeshi wanataka kufukua maiti. Kila mmoja aliokota jiwe njiani. Hawa vijana wamezika ndugu wengi, na miaka mingi wameuliza jeshi lilikuwa wapi, hawajajibiwa. Walituzunguka. Askari mmoja, yule aliyeshika mti, aliuachia ukaanguka, akavuta bunduki yake begani, nikasikia chuma kinagonga chuma. Risasi imeingia tayari.

"Tika mondoki!" Abdias alimfokea kwa Lingala aache bunduki, akaupiga mtutu ukaelekea chini.

Ningepaswa kunyamaza. Lakini mimi nikiogopa ndipo ninapoongea zaidi.

"Munaona haya kweli ninyi?" nikamwambia. "Munatuandikia ku karatasi kama mutoto wetu ni mutoro, aliacha mstari bila amri. Mutoro! Alafu munakuja kumufunika, alafu munataka kumufukua. Kama ni mutoro, bendera yenu ilikuwa inafanya nini juu yake?"

Abdias alifumba macho. Alipoyafumbua hakunitazama mimi, alimtazama Hulda aliyekuwa amekaa chini kando ya kaburi miguu ameinyoosha, kama mama anavyokaa matangani. Akavua bereti yake, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, hakukuwa mutoro."

Hulda akainua macho.

"Ule asubuhi order ilikuwa kurudi nyuma, kila mutu, bila kungojea. Mimi njo mulinzi ya drapeau, na niliisahau. Niliogopa, nikakimbia, nikaiacha imesimama ku position. Tulipofika ku mutoni njo nikakumbuka. Nikamwambia Paulin, rudia uilete. Akasema, 'Oui, mon adjudant.' Basi. Akarudia. Aliichomoa ku mti yake, akaifunga ndani ya shati, mti akaiacha kule kule. Bakamupiga akiwa anashuka. Alifika nayo mupaka mu mikono yangu. Komanda akauliza: nani alimutuma? Na mimi nikanyamaza, juu kumurudisha mutu ilikuwa kukatala order."

Aliikunja bereti mkononi.

"Karatasi ikaandikwa vile. Ilinikula, mama. Nikasema hata kama bamemunyima drapeau ya mazishi, nitamufunika na ile alikufia."

Vijana walishusha mawe.

"Njo hii kitambaa," Hulda akasema, taratibu. "Mutoto wangu alirudia hii kitambaa."

"Ndiyo, mama."

Nilitaka amtemee mate. Nasema ukweli wangu. Nilitaka bendera ile ioze pale chini, na huyu mtu aoze gerezani, na saa kumi na mbili ifike haraka. Nikasema kwa sauti, "Iache iozee humo! Na yeye bamufunge!" Vijana wakaitikia, mawe yakapanda mikononi.

Hulda alilitazama tuta kwa muda mrefu. Halafu akasimama, akajipangusa udongo.

"Mabeleshi yote muyaweke kule mbali. Mumuachie moja. Huyu atachimba ye peke."

"Mama Paulin!" Syauswa akapiga kelele.

"Shemeji, nimesema." Akamgeukia Abdias. "Utachimba. Ukiipata, tutaenda nayo Beni, mimi na wewe. Ile umesema hapa, utaisema kule, mbele ya komanda na batu bako bote. Ukikubali, chimba. Ukikatala, beba mti yako, nenda."

"Mama, batanifunga."

"Batakufunga, ndiyo."

Jua lilikuwa la utosini. Abdias akavua koti lake la kijeshi, akalikunja, akaliweka juu ya kaburi la jirani, akaanza kuchimba.

Syauswa aliondoka na nusu ya ukoo, akisema yeye hamo katika laana hii. Waliobaki walikaa juu ya makaburi, vijana na mawe yao mapajani. Wale askari watano walisimama mbali, tuliwakataza kumsaidia. Udongo wa Butembo ukiushindilia kwa woga haufukuki kirahisi. Alipofika kiunoni, jiwe moja lilitoka sijui wapi likampiga begani. Aliyumba, akaendelea. Hapo Hulda alikwenda akasimama kwenye ukingo wa shimo, kati yake na vijana, mgongo wake kwao. Mawe yakaishia hapo.

Saa nane na nusu beleshi liligonga mbao. Akaliweka kando, akafukua kwa mikono. Aliitoa bendera polepole, imelowa, ya rangi ya udongo, akaipitisha juu kwa Hulda. Lakini mwenyewe hakutoka. Nilichungulia. Alikuwa ameweka kiganja juu ya sanduku, midomo inacheza. Sijui alimwambia nini Paulin na sikuuliza.

Hulda alifungua kitenge chake cha juu, akabaki na kimoja, akakiangusha shimoni.

"Mufunike. Hapana umuache wazi."

Mwenye gari alikuwa Maulidi, msafirishaji wa Kiislamu ambaye yeye na baba yake Paulin walianza kazi ya barabara pamoja. Ndiye aliyeleta sanduku kutoka Beni bila kusubiri kuombwa. Saa tisa na dakika kadhaa, kaburi limeshafukiwa tena, tulikuwa ndani ya basi lake dogo: Hulda mbele na bendera mapajani, mimi nyuma yake, Abdias pembeni yangu amejaa matope mpaka kope, na nyuma yetu wale askari watano na bunduki zao.

"Kilometa makumi tano na kitu," Maulidi akasema, akiwasha gari. "Barabara ikitaka, tutafika. Isipotaka, Mungu atajua majina yetu."

Barabara haikutaka. Kule Maboya mvua ilitupiga. Kwenye mteremko wa Kabasha lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya njia na madereva wanabishana nani amsukume nani. Tulipoteza saa nzima pale. Abdias alikuwa anatazama saa yake kila mara, na mimi nilikuwa namtazama yeye. Nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia dada yangu. Bendera imeshatoka shimoni. Huyu mtu ana bunduki tano nyuma yake. Tukifika penye kambi yake, nini kitamzuia kutuambia asante mama, rudini nyumbani? Mwanamume akishapata alichokuwa anakitafuta, ahadi humtoka kichwani.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya Beni luteni mmoja alichungulia dirishani. Alimwona adjudant wa matope, akaona wanawake wawili, akaona ncha ya nyuzi za dhahabu ikitokeza chini ya mkono wa Hulda.

"Adjudant, kuna shida? Hawa bamama ni nani?"

Neno moja lingetosha. Nilimwona Abdias anafungua mdomo, anaufunga. Nilishika kiti cha mbele kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

"Famille," akasema. "Tuachie tupite."

Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu tulikuwa Beni, mtaa wa Ruwenzori, mbele ya kambi. Maulidi hakuruhusiwa kuingiza gari, akasimama kando ya lango. Abdias alishuka kabla gari halijatulia.

"Mama, nipe, nikimbie nayo," akamwambia Hulda, na Hulda, sijui uchovu au nini, akampa. Akaibana chini ya mkono, akapiga hatua sita saba, akavuka lango.

Firimbi ikalia.

Kwa wasioishi kwetu nieleze: firimbi ile ikilia, bendera inashuka, na hakuna kinachotembea. Barabara nzima ilikufa. Pikipiki zikazimwa. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani akasimama hapo hapo. Atakayesogea atajua yeye na askari, wengine walilazwa kasho, mahabusu ya jeshi, kwa sababu ya kupiga chafya na hatua moja mbele. Mimi nilikuwa nashuka garini. Nilibaki mguu mmoja chini na mwingine mlangoni, nimeinama kama kuku anayetaga.

Ndani ya kambi niliona mistari ya askari, komanda wao amesimama mbele, mkono kwenye paji la uso, na bendera ya kambi inaanza kuteremka kwenye mlingoti taratibu, tarumbeta inalia. Abdias naye alikuwa ameganda pale ndani ya lango, wima, saluti, na ile nyingine chini ya kwapa. Ni mazoea, mwili wake ulisimama bila kumuuliza.

Na hapo niliuona uso wake kwa upande. Alikuwa anautazama mlango wa ofisi ya komanda. Ulikuwa wazi, na ndani hakukuwa na mtu. Komanda alikuwa bado hajaingia. Firimbi ya mwisho ikilia, adjudant anayejua kambi angehitaji dakika moja tu kufika pale, kuiweka bendera mahali pake, kusema matope ni ya mvua. Hakuna atakayejua. Na Paulin abaki kama alivyoandikwa. Nilimwona anavyopiga ile hesabu, nakuapia, jicho lake lilikwenda mlangoni likarudi, likaenda tena.

Hulda naye alimwona.

Dada yangu alishuka garini. Akatembea. Barabara nzima imesimama, nchi nzima imesimama, yeye anatembea na kitenge kimoja na kandambili za matope. Mlinzi wa lango alimtolea macho yakataka kuanguka, lakini angefanya nini? Sheria iliyotufunga sisi ilimfunga na yeye. Hulda alifika kwa Abdias, akaivuta bendera chini ya kwapa lake. Abdias hakuweza kuizuia, mkono mmoja uko kwenye saluti na mwingine umekakamaa.

Akaendelea mbele. Uwanja ule ni mkubwa. Nilitaka kumwita arudi, nikaogopa risasi itakayotoka kwa mmoja asiyejua. Mpiga tarumbeta alimwona, sauti ikapinda, ikarudi. Mistari ya askari ilikuwa inatazama mbele kama ilivyoamriwa, lakini macho yote mia na zaidi yalikuwa yanamfuata pembeni. Alikwenda mpaka mbele ya komanda, akasimama, akainyoosha mikono na ile hariri ya matope juu yake. Na komanda akabaki amepiga saluti mbele ya mama yake Paulin, asiweze kushusha mkono mpaka bendera ya juu ifike chini.

Ikafika. Firimbi ya mwisho.

"Hii ni nini?" komanda akauliza. Hakufoka. Nadhani alishindwa.

"Ni ya kwenu," Hulda akasema. "Mutoto wangu Paulin njo alirudia hii ku kilima. Muliandika hakukuwa na amri. Uliza adjudant yako nani alimutuma."

Kambi nzima iligeuka ikatazama langoni. Barabarani pikipiki ziliwashwa, maisha yakaendelea, lakini kule ndani bado hakuna aliyesogea. Abdias alikuwa palepale. Angeweza kusema mama huyu amepagawa na msiba, na wangemwamini, maana nani anamwamini mama mwenye kitenge kimoja? Nilijikuta namwomba Mungu wetu Nyamuhanga, mimi ambaye asubuhi nilitaka mtu huyu aoze.

Akatembea. Hatua zake zilikuwa za gwaride. Alisimama hatua tatu kutoka kwa komanda, akapiga saluti, akapaza sauti ifike mstari wa mwisho.

"Mon colonel! Koplo Lusenge Paulin aliacha mstari kwa amri. Amri ilikuwa yangu. Drapeau, mimi njo niliisahau."

"Rudia," komanda akasema.

Akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ile ile.

Komanda akapokea bendera kutoka kwa Hulda kwa mikono miwili, matope yakachafua mikono ya koti lake, akamwita karani wake. Alimwamuru abadilishe karatasi ya koplo, na kesho asubuhi, bendera ikipandishwa, jina lisomwe mbele ya mstari pamoja na majina ya wengine waliokufa kilimani. Kisha akaonyesha kidole bila kumtazama Abdias. Askari wawili wakamvua mkanda, wakamvua kamba za buti, wakampeleka kwenye kasho nyuma ya ghala. Alitembea ameshika suruali isianguke.

Mimi nilimkimbilia dada yangu, nikamkumbatia nikilia kwa furaha na hasira, nikamwambia tumeshinda, twende, Maulidi anangoja. Hakusogea.

"Komanda," akasema, "ule mutu amekula?"

Komanda hakuelewa. "Nani, mama?"

"Adjudant. Alichimba kaburi ya mutoto wangu. Kwetu mutu akichimba kaburi, anakuja ku batu ba matanga, ananawa mikono, anakula. Hapana kulala na njaa. Na huyu hakunawake."

"Hulda!" nikamwambia. "Unasikia ile unasema? Huyu njo alimutuma Paulin!"

"Najua alimutuma. Kanyere, nenda utafute obundu."

Nikaenda. Nilinung'unika njia yote, lakini nikaenda. Ng'ambo ya lango kuna mama anayepikia askari. Alinipa obundu, ugali wetu, wa moto, sombe ya majani ya muhogo na samaki kidogo, akanikopesha na jagi la maji. Komanda alikuwa ametoa ruhusa. Tulimkuta Abdias kwenye benchi mbele ya kasho, mlinzi pembeni yake, giza linaanza kuingia. Alipomwona Hulda alitaka kusimama, suruali ikamzuia.

"Kaa," Hulda akasema. "Leta mikono."

Akamwagia maji. Udongo wa kaburi la Paulin ulitoka kwenye kucha zake, ukatiririka kwenye saruji. Hulda aliendelea kumimina mpaka maji yakawa meupe, jagi likaisha. Halafu akamwekea sahani mapajani, akakaa kwenye benchi kando yake, mikono ameikunja, akamtazama.

Abdias alikula akilia, tonge kwa tonge. Katikati aliacha, akasema haiwezi kupita tena. Hulda hakumwambia kwamba amemsamehe. Sidhani alikuwa amemsamehe.

"Maliza," akasema.

Akamaliza.